Kondomu ilipasuka Jumamosi: je, dawa za dharura za kuzuia VVU bado zitanifaa?

"Shikamoo daktari. Jumamosi saa tano usiku kondomu ilipasuka, tukagundua baada ya kumaliza. Huyu mwenzangu tuna miezi miwili tangu tufahamiane. Jana alijipima kwa kile kipimo cha kufuta fizi, ukatoka mstari mmoja. Leo Jumatatu nimeenda duka la dawa muhimu nikaeleza, nikapewa P2, nikameza, nikaambiwa nitakuwa salama. Sasa ni saa mbili usiku na roho haijatulia. Shangazi yangu anatumia ARV, nafikiria nimwombe vidonge vichache. Hospitali ya hapa Nansio, kisiwani Ukerewe, naogopa, wauguzi wananijua, na nimesikia bila PF3 hawatoi dawa. Nawaza kesho nipande meli niende Mwanza. Nanyonyesha mtoto wa miezi tisa, na nina kiungulia, huwa natafuna dawa. Je, nimechelewa?"

Marahaba, dada yangu. Hujachelewa, ila muda unakwenda. Tangu Jumamosi saa tano usiku hadi sasa ni saa 45. Dawa unayoihitaji, PEP, huanzwa ndani ya saa 72, yaani mwisho wako ni kesho Jumanne saa tano usiku, na kila saa utakayowahi kabla ya hapo ni faida kwako. Kwa hiyo, usisubiri kumaliza kusoma ndipo uamue: nenda hospitali ya wilaya hapo Nansio usiku huu. Kliniki ya CTC, yaani ya tiba na matunzo ya wenye VVU, itakuwa imefungwa, lakini hospitali ina daktari na muuguzi wa zamu, na dozi ya kwanza inaweza kutolewa na wao. Pale mapokezi huna haja ya kusimulia mbele ya watu. Sema tu, "Nina jambo la dharura, naomba kumwona daktari faragha." Mkishakuwa wawili, mwambie: "Jumamosi saa tano usiku kondomu ilipasuka. Naomba PEP kabla saa 72 hazijaisha." Taja siku na saa, maana ndicho kitu cha kwanza atakachotaka kukijua.

PEP ni dawa za kufubaza VVU zinazotumiwa na mtu asiye na virusi, kwa siku 28, ili virusi vilivyoweza kuingia mwilini visipate makazi. Siku hizi mara nyingi ni kidonge kimoja kwa siku kiitwacho TLD, chenye tenofovir miligramu 300, lamivudine miligramu 300 na dolutegravir miligramu 50. Katika vituo vya serikali dawa hizi hutolewa bure.

Watu wengi huuliza kwa nini iwe saa 72 na kwa nini siku 28, nami hupenda kueleza, kwa sababu anayeelewa ni mara chache aache dawa njiani. Virusi vikipenya ngozi laini ya uke, havisambai mwilini papo hapo. Vinaanza na chembe chache za kinga zilizo jirani, kisha hubebwa hadi kwenye mitoki, na safari hiyo huchukua siku mbili tatu. Katika kila chembe virusi vina kazi mbili za kufanya. Kwanza, vinakili maelekezo yao kutoka umbo liitwalo RNA kwenda umbo liitwalo DNA, ambalo ndilo la vinasaba vyetu. Pili, vinaipachika DNA hiyo ndani ya vinasaba vya chembe yenyewe. Tenofovir na lamivudine huharibu kazi ya kwanza: zinafanana na matofali ambayo virusi hutumia kujengea, ila tofali hizi hazishikani na linalofuata, na ukuta unaishia hapo. Dolutegravir hukizuia kimeng'enya kinachofanya kazi ya pili, ile ya kupachika. Virusi vikishajipachika katika chembe zinazoishi muda mrefu, hakuna dawa iliyopo hospitalini leo inayoweza kuving'oa. Dawa huvifubaza tu, na mtu huzitumia maisha yote. Ndiyo sababu mbio zote ni za mwanzoni.

Siku 28 nazo zina sababu. Huenda chembe chache zilikwisha kuambukizwa kabla hujameza kidonge cha kwanza. Hizo zinahitaji muda wa kufa zenyewe huku dawa ikizilinda zile za jirani. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa kima waliodungwa virusi vilivyo jamaa ya VVU kisha wakapewa tenofovir. Walioanza baada ya saa 24 na kuendelea siku 28 wote walisalimika. Miongoni mwa walioanza saa 48 au saa 72, wapo walioambukizwa. Na wapo walioambukizwa kati ya walioanza mapema lakini wakaishia siku 10 au siku 3. Kwa binadamu utafiti wa namna hiyo haufanyiki, kwa kuwa hakuna mwenye haki ya kumnyima mtu dawa ili aone kitakachompata. Lakini mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wahudumu wa afya waliochomwa na sindano zenye damu ya wenye VVU, ikaonekana kwamba waliotumia dawa moja tu ya zamani, zidovudine, hatari yao ilipungua kwa takriban asilimia 81. Mchanganyiko wa dawa tatu wa sasa una nguvu zaidi ya ile moja. Hata hivyo PEP haitoi hakikisho la asilimia mia. Inaposhindwa, mara nyingi utakuta mtu alichelewa kuanza, aliruka dozi, au alikutana na hatari nyingine kabla hajamaliza.

Sasa kuhusu mstari mmoja wa mwenzako. Ni habari njema, lakini haitoshi kukulaza usingizi. Kipimo kile hakitafuti virusi. Kinatafuta askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya virusi, na askari hao huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine hadi miezi mitatu, kufikia kiwango kinachoonekana. Mtu aliyeambukizwa mwezi uliopita anaweza kutoa mstari mmoja huku damu na shahawa zake zimejaa virusi, tena kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote. Mara nyingine kosa hutokana na namna ya kupima: amefuta fizi mara tu baada ya kula, au amesoma majibu dakika ya tano wakati maelekezo yanataka dakika 20. Na mtu anayetumia ARV anaweza kutoa mstari mmoja kwenye kipimo cha mate japo ana VVU.

Kuhusu huyo wa mwisho kuna jambo linalopaswa kusemwa wazi. Mwenye VVU anayemeza dawa zake vizuri hadi virusi havionekani kwenye kipimo cha wingi wa virusi hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Ungeniambia mwenzako ni wa aina hiyo, na majibu yake ya karibuni yapo, ningekwambia huhitaji PEP. Anayestahili hofu ni yule asiyejua hali yake.

Tuipime hatari yenyewe kwa haki. Katika matendo 10,000 ya kujamiiana kwa njia ya uke bila kondomu na mwanamume mwenye VVU asiyetumia dawa, wastani wa wanawake wanaoambukizwa ni karibu 8. Kwa njia ya haja kubwa, kwa anayeingiliwa, ni karibu 138. Kuchomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU ni karibu 23. Namba yako ni ndogo, na inapungua tena kwa kuwa huna hakika kama mwenzako ana VVU. Lakini ni wastani tu. Kidonda sehemu za siri, kisonono au kaswende, au mwenzi aliyeambukizwa majuzi, vyote huipandisha. Nikiweka yote kwenye mizani, ushauri wangu ni uanze. Dawa uliyoianza unaweza kuisimamisha keshokutwa ikionekana haikuwa na haja, lakini saa zilizopita hazirudi. Mwenzako akikubali kwenda kupimwa kituoni, akaonekana hana VVU, na akaeleza kwa ukweli kwamba hajawa kwenye hatari kwa miezi mitatu iliyopita, daktari anaweza kukuambia uache. Akikataa, hakuna wa kumlazimisha, na kukataa kwake hakukunyimi wewe dawa.

P2 uliyopewa ni ya kuzuia mimba tu. Ina levonorgestrel, homoni inayochelewesha yai kutoka, na haiwagusi virusi hata kidogo. Aliyekuambia uko salama amechanganya mambo mawili, na kosa hili ni la kila siku: mtu anameza P2 Jumapili, anatulia, kisha Alhamisi anaambiwa kuhusu PEP na saa zimekwisha. Wewe kwa upande wa mimba umefanya vizuri. Umeinywa ndani ya saa 72, haidhuru unyonyeshaji, na haigombani na TLD. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, pima mimba.

Vidonge vya shangazi. Sitakudanganya kwamba ni kitu kingine kabisa. Inawezekana sana anatumia TLD hiyo hiyo. Lakini pia inawezekana yuko kwenye mchanganyiko tofauti usiofaa kwa PEP, na kopo pekee halitakueleza kama figo zako ziko sawa. Ukianza bila kupimwa, na kumbe ulikuwa na VVU tangu zamani bila kujua, utakuwa unajitibu nusunusu na kuvifundisha virusi usugu. Na shangazi anahesabiwa vidonge: 28 ukimpunguzia, yeye mwenyewe atakatisha tiba. Hospitali ipo karibu yako. Mwache na dawa zake.

PF3 ni fomu ya polisi, na kazi yake ni ushahidi. Kondomu kupasuka kati ya watu wazima waliokubaliana si kesi ya polisi, kwa hiyo hakuna PF3 ya kudaiwa. Akitokea mhudumu akakuambia PEP ni ya waliobakwa na ya wahudumu waliochomwa sindano tu, usibishane naye kwa hasira wala usiondoke. Omba kuonana na daktari wa zamu au mfawidhi, rudia siku na saa. Na kwa msomaji mwingine aliyefanyiwa ukatili: hata kwako matibabu hayangoji karatasi. Anza na dawa, fomu ifuate. Kama unaweza, usioge wala kufua nguo ulizovaa kabla hujachunguzwa, lakini hata kama umekwisha kuoga, nenda. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi wa dawati la jinsia na mshauri hukutana nawe mahali pamoja. Walio Kenya wanaweza kupiga 1195 bure, usiku na mchana.

Nimeacha meli ya Mwanza hadi hapa kwa sababu naona ndiyo inayokuvuta zaidi. Naielewa hofu yako. Kisiwani watu wanajuana, na kuonekana tu kwenye benchi fulani kunatosha kuzua maneno. Lakini hesabu pamoja nami. Ungoje asubuhi, usafiri wa saa kadhaa, ziwa likubali, ufike, upange foleni, uambiwe pengine urudi kliniki ya kesho yake. Unaweza kujikuta umevuka saa 60, au 72 zenyewe, kwa sababu ya injini iliyoharibika. Fanya hivi: dozi ya kwanza meza Nansio usiku huu. Ukishakuwa na vidonge vya siku chache mkononi, ufuatiliaji unaweza kuuhamishia Mwanza kwa utulivu, na uombe karatasi ya rufaa inayoonyesha tarehe uliyoanza. Ujue pia kwamba sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inamfunga mhudumu kutunza siri ya majibu yako. Muuguzi anayekujua ana wajibu ule ule alio nao asiyekujua.

Ukifika watakupima VVU kwanza, kwa tone la damu ya kidole. Kipimo hiki hakiwezi kuonyesha chochote cha Jumamosi. Kinaonyesha ulikokuwa kabla. Kikiwa na majibu chanya, PEP haikuhusu, utaanzishiwa tiba, na kwa sababu ya mtoto utashukuru kujua mapema. Kikiwa hasi, unameza kidonge hapo hapo. Watataka pia kupima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kama figo zinafanya kazi, homa ya ini aina ya B na kaswende. Maabara ikiwa imefungwa, vipimo hivyo vinasubiri asubuhi, kidonge hakisubiri. Homa ya ini B ina umuhimu wake: tenofovir na lamivudine huitibu nayo, kwa hiyo mwenye virusi hivyo akiacha TLD ghafla siku ya 28, ini linaweza kuwaka. Huyo huhitaji mpango wake na daktari.

Kopo la TLD mara nyingi huwa na vidonge 30. Vyako ni 28. Vile viwili si akiba ya siku nyingine. Usivimwage kwenye bahasha ili kuficha lebo, kwani ndani ya kopo kuna kifuko kinachonyonya unyevu na kopo ndilo linalovilinda. Chagua wakati mmoja wa siku ambao huukosi. Kwa wengi asubuhi ni bora, kwa sababu dolutegravir huwanyima baadhi ya watu usingizi. Kichefuchefu, kichwa kuuma na tumbo kuvurugika vinaweza kutokea wiki ya kwanza, na kumeza pamoja na chakula husaidia. Ukitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, meza kingine. Ukisahau, meza ukikumbuka, lakini usimeze viwili kwa mara moja. Ukipata vipele pamoja na homa, macho kuwa ya njano, au mkojo kupungua sana, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kiungulia chako ndicho kinaweza kukuharibia kimya kimya. Dawa za kutafuna zenye magnesiamu au aluminiamu huikamata dolutegravir tumboni isiingie kwenye damu. Unameza kila siku kwa uaminifu, na mwili haupati kitu. Meza TLD saa mbili kabla ya dawa hizo au saa sita baada yake. Omeprazole haina tatizo hili, kwa hiyo mwombe daktari akubadilishie kwa mwezi huu. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu navyo huikamata, isipokuwa vikimezwa pamoja na TLD wakati wa chakula. Mtaje daktari dawa yoyote nyingine: rifampicin ya kifua kikuu na dawa za kifafa kama carbamazepine hupunguza dolutegravir mwilini, na anayetumia metformin ya kisukari hapaswi kuzidi miligramu 1,000 kwa siku akiwa kwenye dawa hii.

Mtoto wako. TLD hutumiwa na akina mama wengi wanaonyonyesha na haimdhuru mtoto. Ninachokihofia ni kingine. Mama akiambukizwa wakati ananyonyesha, wiki za mwanzo virusi huwa vingi mno, kwenye maziwa pia, na hatari kwa mtoto ni kubwa kuliko ya mama aliye kwenye tiba muda mrefu. Hilo ni sababu moja zaidi ya kuanza usiku huu. Usimwachishe ziwa ghafla kwa hofu. Mtoto wa miezi tisa anayekatishwa ziwa huharisha na kudhoofu, nawe utavimba matiti. Mwambie mhudumu kwamba unanyonyesha, aiandike kwenye faili, na muamue pamoja. Hadi majibu ya mwisho yatoke, tumia kondomu kila mara, usichangie damu.

Rudi kupima wiki ya 6 na wiki ya 12 tangu Jumamosi ile. Usiruke ya pili, maana PEP inaweza kuchelewesha majibu kuonekana. Kati ya wiki ya pili na ya nne, au baada ya kumaliza dawa, ukipata homa, koo kuuma, vipele na mitoki kuvimba, usiridhike na kuambiwa ni malaria bila kupimwa. Kanda ya Ziwa kila homa husomwa hivyo. Eleza kwamba ulitumia PEP, uombe na kipimo cha VVU. Wiki ya 12 ikiwa hasi na hukupata hatari nyingine, tukio hilo limekwisha. Ukiona kondomu na mwenzako zitaendelea kuwa mtihani, zungumza na CTC kuhusu PrEP, dawa ya kinga inayomezwa kabla ya hatari. Unaweza kuunganisha siku ya 28 ya PEP na siku ya kwanza ya PrEP bila kuacha pengo.

Usiku huu beba kadi ya kliniki ya mtoto na kopo la hiyo dawa ya kiungulia ili daktari asome kilichomo. Kula kitu kidogo kabla ya kutoka, ili kidonge cha kwanza kikukute una chakula tumboni.